Deni la sita: kisa kimoja cha Katuba

Jumatatu moja ya Oktoba 2024 mama mmoja mwenye madeni matano, niliyekuwa namshauri namna ya kuyalipa, alinirudia ofisini na risiti tano. Alizipanga juu ya meza, akazilainisha kwa kiganja, akaniambia: “Papa, nilishalipa bote.” Nilifurahi. Nikachukua kalamu nyekundu nikaanza kuweka alama kwenye ratiba yangu, mstari baada ya mstari. Alikuwa ameshasimama kuaga ndipo nikamuuliza, kwa kumsindikiza tu, kama soko limekuwa zuri mwezi huo.

“Soko? Hapana, papa. Nilikopa kwa mama mwingine, dola mia. Juu karatasi yako ilisema tarehe tano.”

Madeni matano yakawa sita, na la sita lilitoka kwenye kalamu yangu.

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu kila mara napata mtu anayeniuliza namna ya kuhamia kazi hii ya kumshauri mwenye deni na kumtafutia haki zake. Wengi ni maafisa wa mikopo waliochoka, na wengi huja wakiamini kwamba kazi wameshaijua, kilichobaki ni kubadilisha upande wa meza. Nami nilikuja hivyohivyo. Mwenye kisa ameniruhusu kukieleza. Nitamwita Mama Mapasa, kwa kuwa ana mapacha, na hapa mtaani kwetu Katuba ukimwita Mama Mapasa barabarani watageuka wengi.

Miaka tisa nilikuwa afisa wa mikopo katika taasisi moja ya fedha ndogondogo hapa Lubumbashi, Kongo. Pikipiki, jaketi lenye nembo, daftari ya wateja wa Kenya (mtaa wa hapa, si nchi), Katuba na Ruashi. Tulipimwa kwa namba moja tu: fungu la mikopo iliyochelewa zaidi ya siku 30. Ikipanda, bonasi inakufa. Ukutani tulikuwa tumebandika “Dawa ya deni kulipa”, kwa herufi kubwa, mahali ambapo mteja anayesubiri hawezi kuikwepa. Niliacha mwaka 2023, baada ya kubeba cherehani ya mama mmoja fundi. Tulipokuwa njiani nayo, dereva akauliza: sasa huyu atalipa na nini? Hakuna aliyemjibu. Miezi mitatu baadaye nilikuwa nimekaa nyuma ya parokia, katika chumba chenye benchi mbili na kabati la chuma, kwa dola 180 za mwezi badala ya 420 na bonasi juu yake. Wa kufanya naye kazi ni mama mmoja mzee, msaidizi wa sheria, ambaye sote tunamwita Yaya. Si wakili, wala mimi si wakili. Jambo likifika mahakamani tunalikabidhi kwa mwenye kiapo.

Sasa hali ya Mama Mapasa, kama alivyonieleza Septemba 2024.

Ana miaka 46. Mumewe, dereva wa mtambo katika kampuni moja iliyofanya kazi chini ya mgodi, alifariki kwa ugonjwa Machi 2021. Watoto ni watano. Mkubwa yuko Kolwezi akichimba, wanne wako nyumbani, wakiwemo mapacha wa miaka 13. Anauza bunga la mahindi kwa kopo katika soko la Kenya. Lupango (kiwanja) wanamoishi Katuba ni la marehemu.

Deni la kwanza ni la banki Lambert. Kwa msomaji wa mbali: hilo ni jina la mtaani kwa mkopo wa mtu binafsi wenye riba kali, lisikuchanganye na benki yoyote. Oktoba 2023 pacha mmoja alipasuliwa tumbo, na hospitali haikumwachia mtoto mpaka bili ilipwe. Alichukua dola 200 kwa asilimia 30 ya mwezi. Asiyeweza kurudisha zote mwisho wa mwezi hulipa faida tu, na mtaji unabaki palepale. Alilipa faida, dola 60, kila mwisho wa mwezi kuanzia Oktoba hadi Agosti. Ni mara 11. Dola 660 zilikuwa zimeshatoka, na bado alidaiwa 200. Mkopeshaji alishika fishi, yaani karatasi, ya lupango, pamoja na karatasi moja nyingine nitakayoirudia.

La pili ni la taasisi ya fedha ndogondogo, mkopo wa kikundi cha kina mama watano wanaodhaminiana. Limebaki dola 280. La tatu ni la AVEC, kikundi chao cha akiba: faranga 120,000. La nne ni la mwenye depo aliyempa mifuko minane ya bunga kwa kuaminiana. Hili lina historia yake. Bunga la Lubumbashi kwa sehemu kubwa linapita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na mwaka 2024 Zambia ilipigwa na ukame mpaka serikali yao ikautangaza kuwa maafa ya taifa mwishoni mwa Februari. Bei zikaruka. Agosti ukaja mgogoro wa biashara ya vinywaji kati ya nchi hizi mbili, Zambia ikafunga mpaka kwa siku chache. Mwenye kuuza kwa kopo alinunua ghali na kuuza taratibu, kwa kuwa mteja aliyekuwa akichukua makopo matatu sasa anachukua moja na nusu. La tano ni shule: masomo ya bure ni ya msingi tu, na mapacha wameshavuka.

Nikafanya nilichokijua. Nikamuuliza faida yake ya siku, akasema faranga 15,000. Nikazidisha kwa siku 26, nikapata 390,000, sawa na dola 139 kwa bei ya wakati ule, faranga 2,800 kwa dola. Nikagawanya dola 95 kwa wadai watano, nikaandika tarehe, nikampa asaini. Alisaini bila neno. Nilidhani amekubali.

Hapa nisimame kidogo, maana ndipo wanaohamia kutoka kwenye mikopo tunapoanguka wote. Mtu anayekaa mbele ya meza yenye kalamu na muhuri hajui kwamba umebadilisha kazi. Anaona ofisi. Miaka yote ofisi imemwambia lipa tarehe fulani, naye amejifunza kwamba mbele ya ofisi mtu husema ndiyo, kisha hutafuta njia akiwa nje. Ratiba yangu ilikuwa ya haki, imepigwa mstari kwa rula, na ilimfikia kama mdai wa sita.

Yaya aliposikia hakunigombeza. Alitaka kujua tu: “Ulienda kuona kopo lake?”

Sikuwa nimeenda. Nikaenda Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa nyuma ya meza yake mpaka jioni. Namshauri yeyote anayeingia kazi hii afanye hivyo angalau mara moja, kwa mtu mmoja, kabla ya kuandika ratiba ya kwanza. Nilikuwa nimepita mbele ya meza za namna ile mara elfu nikiwa na pikipiki, injini haizimwi.

Kopo lake ni la maziwa ya unga, limekunjwa kidogo chini. Anajaza mpaka inakuwa kilima juu, anapangusa kwa upande wa kiganja, halafu anaongeza kidogo kwa vidole viwili. Hiyo nyongeza ndiyo inayomrudisha mteja. Mara tatu nilimwona akiongeza vidole vitatu, zote kwa watoto waliotumwa. Niliandika kila kinachotoka. Kijana wa kusukuma mifuko kutoka depo: 500. Tiketi ya soko: 500. Taksibasi kwenda na kurudi: 1,000. Jioni makopo mawili yakaingia katika mfuko wake mwenyewe kwa ajili ya bukari (ugali) ya nyumbani, na hayo hakuwahi kuyahesabu kwa kuwa hayakununuliwa: 2,500. Na saa tisa alipita kijana mwenye kofia na daftari ndogo, Mama Mapasa akampa 1,000 bila kuongea, kijana akatia alama kwenye karte, akaenda meza ya pili.

Jumla 5,500. Faida ya kweli ya siku ile ilikuwa 9,500. Kwa mwezi 247,000, yaani dola 88. Nilikuwa nimemwandikia ratiba ya dola 95.

Ile karte iliniuma zaidi, kwa akili zangu za zamani. Ni akiba ya kila siku: siku 31 unatoa 1,000, mwisho wa karte unarudishiwa 30,000 na mkusanyaji anabaki na siku moja kama malipo yake. Yaani mtu anatoza mtu kwa kumtunzia pesa, na mtu huyohuyo anakopa kwa asilimia 30. Alikuwa na karte nne zilizojaa, faranga 120,000, kama dola 43, kwa kijana yule. Nikamwambia: mama, hizi tungelipia deni. Akaendelea kujaza kopo la mteja.

“Hizi haziko zangu, papa. Hizi haziombwi. Zile za mukono, shemeji akikuya, naye iko na shida, nitamwambia nini? Za karte naweza kuapa kama sina kitu.”

Nilikuwa nimesoma semina tatu za usimamizi wa fedha za nyumbani na hakuna iliyonieleza hilo. Pesa isiyoombeka ina thamani kuliko riba yake. Sikugusa karte tena.

Jioni ile nilianza upya, kwa swali jingine. Nchini Uingereza kazi hii ni ajira kamili. Ofisi za Citizens Advice zilianza mwaka 1939, vita vilipoanza, na washauri wao wa madeni wana desturi moja niliyoichukua: hawapangi madeni kwa ukubwa, wala kwa kelele za mdai, bali kwa kile mdai anachoweza kukufanya. Kodi ya nyumba na umeme huja mbele, hata kama ni kidogo. Uingereza na Wales wameongeza tangu Mei 2021 siku 60 za kisheria ambazo wadai wengi hawaruhusiwi kumfuata mtu aliyejiandikisha kwa mshauri. Hapa kwetu siku 60 unaziomba kwa mdomo, kwenye benchi la shefu wa kartye (kiongozi wa mtaa), na ukibahatika unapewa 30.

Basi nani anaweza kumfanya nini Mama Mapasa? Mwenye depo hana karatasi wala hapigi kelele, lakini akikataa kumuuzia, meza imefungwa. Huyo ndiye wa kwanza. Tulimwendea, akakubali bila mjadala: kila mfuko anaonunua taslimu ataongeza 1,000 hadi deni liishe. Shule ilikubali mafungu. AVEC ilijimaliza yenyewe. Kikundi kama hicho humkopesha mwanachama hadi mara tatu ya akiba yake, na mwisho wa mzunguko hugawana kasha. Yeye alikuwa na akiba ya 180,000 dhidi ya mkopo wa 120,000. Desemba walikata chao, akarudi na kilichobaki na heshima yake. Mimi ningemfanya alipe kabla, kwa haraka isiyo na sababu.

Lilibaki lupango, na hapo ndipo karatasi ya pili.

Siku ya kuchukua zile dola 200, mkopeshaji alimsainisha hati ya mauzo ya lupango. Bei imeandikwa, majina yameandikwa, tarehe imeachwa wazi. Mtu akishindwa, tarehe inajazwa. Nimeona hati za namna hii zisizopungua kumi tangu nihamie huku, na nakiri nilikuwa najua zipo hata nilipokuwa na pikipiki. Nilizihesabu kuwa shida ya mshindani wetu.

Yaya alinifundisha kuzisoma. Kwanza, kwa sheria ya ardhi ya 1973, haki juu ya lupango husimama kwa cheti cha usajili. Fishi peke yake si rehani ya kisheria. Pili, na hili ndilo zito: lupango lilikuwa la marehemu. Kwa Sheria ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, watoto ndio warithi wa daraja la kwanza, wanachukua robo tatu ya mirathi. Mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba walimoishi na mumewe. Mama Mapasa hakuweza kuuza peke yake hata kama angetaka. Alisaini mali ya watoto wake. Tatu, tangu 1959 sheria yetu ya mikataba ina kifungu cha 131 bis: mkopeshaji akitumia shida au ujinga wa mkopaji kumtoza riba inayozidi kawaida waziwazi, jaji anaweza kulirudisha deni kwenye mtaji na riba ya kawaida. Kwa aliyelipa 660 juu ya 200, hesabu hiyo haihitaji mtaalamu.

Na polisi? Mkopeshaji alikuwa amemtishia konvokasyo, yaani wito wa polisi. Hapa watu wengi wanaamini mwenye deni anafungwa, kwa kuwa wameona wenye deni wakilala rumande. Kushindwa tu kulipa deni si kosa la jinai. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa unalisema katika kifungu cha 11, na Kongo imo ndani yake tangu 1976. Kinachofanyika ni kulivika deni nguo ya utapeli au uvunjaji wa uaminifu, ili mtu aogope na ndugu wachange. Tulimwandikia Mama Mapasa karatasi ndogo yenye mambo mawili: karatasi ya wito ichukuliwe na isomwe, na asisaini chochote bila Yaya kuwepo. Akaiweka kwenye pochi ya karte.

Lakini ili kusimama juu ya mirathi tulimhitaji msimamizi wa mirathi, na kwa kawaida huyo ni mrithi mkubwa kuliko wote. Yaani kijana wa Kolwezi. Na kijana wa Kolwezi hakuwa akijua lolote kuhusu madeni. Mama alikataa asiambiwe. “Mutoto haambiwi deni ya mama.” Tulibaki hapo wiki mbili nzima. Sikumsukuma, ratiba moja ya kumsukuma ilinitosha. Mwishoni alimpigia mwenyewe, mbele yetu, na kitu cha kwanza alichomwambia ni kwamba sheria inamhitaji asaini kwa ajili ya lupango la baba. Hakutaja deni. Kijana ndiye aliyeuliza. Kesho yake akatuma dola 75 kwa M-Pesa, na Mama Mapasa, bila mimi kusema neno, akachukua zile karte nne kwa kijana mwenye kofia. Dola 118. Yule mama aliyemkopesha dola mia alikuwa ameshapokea riba ya mwezi mmoja, akakubali 115 kumaliza. Deni la sita likafa, nami nikalala vizuri kwa mara ya kwanza tangu ile Jumatatu.

Nikiri pia kwamba kabla ya hapo nilitaka kulilipa mimi, kutoka mfukoni. Lilikuwa kosa langu. Yaya alinizuia kwa ukali ambao sijawahi kuuona tena: “Ukilipa, kesho wewe njo utakuwa mdai yake. Ataogopa kukwambia ukweli.”

Mkutano na mkopeshaji wa kwanza ulikuwa Novemba, chini ya mwembe nyuma ya ofisi ya kartye. Nilitegemea kukutana na mtu mwenye pete tatu. Alikuja mama wa miaka sitini na kitu, mjane naye, anayekopesha pesa iliyoachwa na mumewe aliyetoka Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Wanaokumbuka 2003 na 2004 wanajua: zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari, kila mmoja na fungu lake la mkupuo. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Lake aliliweka kwenye gari la abiria lililokufa mwaka wa pili. Mume wa huyu mama alilikopesha majirani, mjane akaendelea. Nyumba mbili za wajane wa Katuba, moja inaila nyingine.

Nilifungua daftari nikamwonyesha safu ya zile 60 kumi na moja. Nikamtajia kifungu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema: “Ile sheria yako, njo ililisha batoto bangu?” Kisha akamgeukia Mama Mapasa, si mimi, wakaongea kwa Kiluba muda mrefu. Niliyasikia majina ya watu wa kanisa lao.

Tulimaliza kwa dola 80 katika mafungu manne, na hati ya mauzo ikachanwa palepale, shefu akitia sahihi kwamba ameona. Fishi ikarudi. Kuna wenzangu walionilaumu, na hoja yao ina nguvu: kisheria hakukuwa na kitu cha kulipa, mbele ya jaji huenda hata zile 80 zisingetoka. Mimi nilizipima na gharama za kesi, miezi ya kungoja, na ukweli kwamba wanawake hao wawili wanakaa benchi moja Jumapili. Zaidi ya hayo, nilimwuliza Mama Mapasa anataka nini, safari hii kabla ya kufungua kalamu. Alisema anataka ile karatasi. Bado sina hakika kama nilimtendea haki. Katika daftari la ofisi nimeandika 80 kwa wino uleule wa nyingine zote.

Kuhusu taasisi ya fedha ndogondogo, hapo maisha yangu ya zamani yalilipa. Najua kwamba ukiomba kupangiwa upya tarehe mbili ya mwezi, afisa ana mwezi mzima wa kukutisha. Ukija tarehe 24, na siku 30 za kuchelewa hazijatimia, wewe ni namba anayotaka iondoke kwenye ripoti yake. Tulikwenda tarehe 24, na wadhamini wenzake wanne wakiwa wamekaa nyuma yetu, na bajeti ya siku ya soko imeandikwa vizuri. Dola 25 kwa mwezi. Afisa alikuwa kijana niliyemfundisha kazi mwenyewe. Hatukuangaliana sana.

Dola 20 na 25 ni 45, nusu ya kinachoingia. Ni nzito bado. Ndiyo maana nusu ya pili ya kazi hii, ile ambayo maafisa wa mikopo hatuijui kabisa, ni kuuliza nani anadaiwa na huyu mtu.

Nilikuwa nimemuuliza Septemba kama mumewe aliacha kitu. Akasema hapana, maana “kitu” kwake ni pesa au gari. Siku ile sokoni aliniambia tu, katika hadithi nyingine, kwamba kila mwaka marehemu alimtuma shuleni kutafuta karatasi za watoto “za INSS”, mfuko wa hifadhi ya jamii. Nikaacha kuandika. Kwa miaka mingi tawi la posho za familia la mfuko huo liliendeshwa Katanga peke yake, urithi wa enzi za migodi mikubwa. Mwanamke wa Lubumbashi anayekumbuka karatasi za shule za INSS ni mwanamke ambaye mumewe alikuwa ameandikishwa. INSS imekuwa CNSS tangu 2018, na sheria yake ya 2016 inawatambua wajane na yatima. Hakuna aliyemwambia. Kampuni ilimpa jeneza, gari la kwenda makaburini, na mifuko miwili ya bunga.

Tulichelewa kwa sehemu. Malipo ya mwisho ya kazi, ambayo kampuni ilipaswa kumkabidhi, yalikuwa yameshapotea: kwa Sheria ya Kazi ya 2002, madai yanayotokana na mkataba wa kazi hufa baada ya miaka mitatu, na mishahara kwa mwaka mmoja. Marehemu alifariki Machi 2021. Mama Mapasa aliingia ofisini kwetu Septemba 2024. Tulipitwa kwa miezi sita. Na kabla sijaacha kazi ile, nilikuwa nikipita mbele ya meza yake kwa pikipiki.

Dosye (faili) ya CNSS tuliianza Januari 2025, kijana alipokuja kutoka Kolwezi: hati ya ndoa, hati ya kifo, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, karatasi ya baraza la familia. Shemeji mmoja alitaka fungu lake kabla ya kusaini. Kijana alimjibu kwa utulivu uliomshangaza kila mtu, akasaini kwanza yeye.

Taarifa ya michango ilipotoka tulihesabu kwa kidole. Marehemu alifanya kazi miezi 106, kuanzia Juni 2012. Iliyolipiwa ni 71. Miezi 35 haimo, na idadi ya miezi ina uzito katika kuamua kama familia inapata pensheni au malipo ya mara moja. Kampuni ilikata au haikukata? Hapo kila kitu kinategemea karatasi za mshahara.

Mama Mapasa alizileta kwenye kopo la maziwa, ndugu wa lile la sokoni, zimeviringwa na kufungwa kwa uzi wa mfuko wa bunga. Tulizifungua kwenye meza yangu mimi, yeye na Yaya, tukiweka mawe madogo juu yake zisijiviringe tena. Baadhi zimeliwa na unyevu. Katika miezi ile 35 tulipata 22, na zote 22 zina mstari wa makato ya mfuko. Pesa ilikatwa. Barua kwa mkaguzi wa kazi imeshaandikwa, nafasi ya namba imeachwa wazi.

Kumi na tatu bado. Anasema kuna mzee wa Ruashi aliyeendesha mtambo uleule zamu ya usiku, mtu asiyetupa karatasi hata ya sigara, na zake zikionyesha makato ya miezi ileile zitatusaidia. Tunakwenda Jumamosi, baada ya soko. Amesema nisije na daftari mpaka mzee amalize kula.